Hadithi ya zamu: tufanye nini Mpemba asiwe bahili kila sura?

KalamuYaNgambo

Assalaam alaykum wadau.

Tuko sita, tunaandika hadithi ya zamu. Kila mmoja anashika sura ya maneno 1,200 hivi, ana siku nne, kisha anamkabidhi mwenziwe. Mpango ni sura 24, na tisa zimeshatoka. Mhusika mkuu ni Mize, msichana wa Wete aliyekuja mjini Unguja kutafuta hati ya shamba la mikarafuu la babu yake. Mize hana tatizo, kila mwandishi anamwonea huruma na kumtunza.

Tatizo ni hao waliomzunguka. Nimezisoma sura zote tisa kwa mkupuo mmoja na nimeona aibu. Hamad muuza duka ni Mpemba, basi ni bahili, sura ya pili, ya tano na ya nane. Mlinzi wa hoteli Paje ni Mmasai, amesimama na fimbo, hasemi. Bi Mwanakheri ni kungwi, kazi yake kusema ya chumbani na kucheka. Mganga katoka Pemba, macho mekundu. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, anakula rushwa. Mama wa mwani kila magharibi ameinama pwani jua likizama nyuma yake. Hakuna aliyekusudia ubaya, na wawili kati yetu ni Wapemba. Mmoja wao ndiye aliyeandika sura ya mganga!

Nauliza mambo matatu. Hii inatokea wapi? Tunaizuia vipi bila kumgeuza kila mpita njia kuwa mhusika mkuu? Na zile sura tisa zilizokwisha kusomwa tuzifanye nini?

---

MaalimWaZamu

Waalaykum salaam. Nianze na sababu, maana dawa imo humo humo.

Mwandishi wa sura ya tano hakumzaa Hamad, kamkuta. Alichokabidhiwa ni maneno matatu: Mpemba, duka, bahili. Ana siku nne na akili yake yote iko kwa Mize. Akifika dukani anachukua kilicho karibu na mkono, yaani yale yale matatu, na anayakoleza kidogo ili msomaji amkumbuke mtu huyu. Wa sura ya nane anamkuta ameshakolezwa, naye anatia chumvi yake. Ndiyo maana hata Mpemba mwenyewe anaweza kuandika mganga wa macho mekundu: hakumtoa nyumbani kwao, kamtoa kwenye sura iliyotangulia. Mtu anayeandika peke yake hufika mahali akamchoka mhusika wake mdogo, na kumchoka huko ndiko kunakomfanya amtazame upya. Kwenye zamu hakuna anayekaa naye muda wa kutosha kumchoka.

Kwa hiyo usiwahubirie wenzio. Badilisha kile wanachokabidhiwa.

Tengenezeni kadi ya kila mhusika anayerudi mara ya pili. Isizidi maneno 80, na ikae kwenye faili lile lile mnaloandikia, juu kabisa. Msiiweke kwenye kundi la WhatsApp, huko itafukiwa na salamu za Ijumaa. Sharti la kwanza la kadi ni kwamba haiandikwi sifa. "Bahili", "mkali", "mcheshi", "mcha Mungu", zote nje. Sifa ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na mwandishi anayefuata atakwenda kuitafutia ushahidi. Andikeni vitenzi, kiasi, siku na madeni. Huyu hapa Hamad wenu, nimemkisia:

*Hamad Faki, miaka 41. Mtaani: Hamad wa Kona. Duka la rejareja, Mwembetanga.*
*Anataka: kumaliza kulipia friji ya mtumba, zimebaki shilingi 180,000, iingie dukani kabla ya Ramadhani.*
*Kutwa yake: hufungua saa 12 asubuhi, hufunga kila swala. Jumanne asubuhi yuko Darajani kwa wauza jumla, mdogo wake anamshikia duka.*
*Anaita: wanaume "shekhe", wanawake wakubwa "mama", Mize "mwanangu".*
*Deni: Bi Time wa vitumbua kamlipa 30,000 za sukari, mzigo haujaja.*
*Anajua: nani mtaani anakopa unga ikifika tarehe 20.*
*Hatamki: "hapana".*

Hayo hayafiki maneno 80. Sasa chukua tukio la sura ya tano, Mize anapoomba mkopo. Nadhani limekaa hivi au karibu na hivi:

*Yule Mpemba alizihesabu sarafu mara tatu, akazitia mfukoni. "Hapana mkopo hapa," alifoka.*

Mwandishi yule yule akiwa na kadi mbele yake:

*Hamad alilifungua daftari, akapitisha kidole mpaka chini ya ukurasa, akalifunga. "Nenda urudi baada ya magharibi, mwanangu." Bi Time alikuwa kwenye kiti cha plastiki, sahani tupu mapajani. "Na mimi nirudi baada ya magharibi?" aliuliza.*

Mize bado hakukopeshwa, mtiririko wa hadithi haukuguswa hata kidogo. Maneno 12 yamekuwa 33, hiyo ndiyo gharama yote. Lakini sasa mkono wa Hamad umebanwa na kitu msomaji anachokiona, tena kinachombana hakitoki Pemba, kimo ndani ya daftari. Angalia na Bi Time: deni lake halimhusu Mize. Mstari wa deni ndio wenye kazi kubwa kuliko yote kwenye kadi, na ndio watu wanaoukosea. Wakiandika "anamdai Mize" wamemrudisha mhusika kwenye utumishi wa mhusika mkuu. Mdai wake au mdaiwa wake awe mhusika mwingine mdogo. Wakiwa sita wanadaiana wao kwa wao, mtaa unasimama wenyewe.

La pili, kila mhusika awe na mlezi. Mna wahusika wadogo labda kumi na wawili, basi wawili wawili kwa kila mwandishi. Mwandishi wa zamu anampelekea mlezi zile aya zinazomhusu mtoto wake tu, siku ya tatu, na mlezi ana siku moja kujibu. Majibu yanayoruhusiwa ni matatu: "sawa"; "hangefanya hivi, kwa sababu fulani"; au "kadi ibadilike". Mlezi haruhusiwi kuandika upya aya ya mwenziwe. Mkimruhusu, mtagombana kabla ya sura ya kumi na mbili.

Na hapa pana kosa linalofanywa na makundi mengi: Mpemba wa kundi anapewa alee Wapemba wote. Anageuka balozi wa kisiwa, wengine wanaacha kufikiri kwa kuwa "yupo mwenyewe", na yeye akichoka anapitisha kila kitu. Wagawieni kwa kura.

Mtego mwingine ni kinyume. Mkishaonywa kwamba Mpemba bahili ni muhuri, yaani sura moja inayogongwa kwa kila mtu wa asili hiyo, mtu ataandika Mpemba anayegawa mali mpaka anabaki na msuli. Au kungwi mwenye shahada. Au sheha malaika. Huo ni muhuri ule ule umegeuzwa, kwa sababu asili yake bado ndiyo inayoamua atafanya nini. Dawa rahisi zaidi ni kuweka Wapemba wawili mahali pamoja na wasikubaliane. Hamad na mdogo wake wakizozana kuhusu friji, msomaji hawezi tena kusema "Wapemba ndivyo walivyo", maana atamchagua yupi?

Kipimo cha mwisho ni cha kuhesabu. Tafuta kwenye faili mzizi wa neno, "pemba", si "Mpemba", ili upate na "Wapemba" na "Kipemba". Kisha tafuta jina. Baada ya tukio la kwanza jina linapaswa kushinda kwa mbali. Msimulizi anayeendelea kusema "yule Mpemba" kwenye sura ya nane hajamjua bado.

---

PapasiMstaafu

Maalim umeeleza ukaelezeka, lakini tusije tukampa kadi na muuza urojo anayetokea mara moja Forodhani.

Skuli tulifundishwa wahusika bapa, wa sifa moja tu, na wahusika duara, wa pande nyingi, na tukatoka tukiamini bapa ni tusi. Si tusi. Hadithi yenye watu ishirini wote duara haiendi popote, kila mtu anasimama kueleza utoto wake. Mtu wa mistari miwili abaki bapa, ila avuliwe asili. Dereva wa daladala asiwe Mtumbatu, asiwe wa bara, awe na tairi linalopungua upepo na abiria anayedai chenji. Mkono wenye shughuli unatosha. Mstari wangu wa kukatia ni huu: hana jina, hazungumzi zaidi ya mara mbili, harudi. Akivunja moja kati ya hayo, kadi.

Na huyo sheha wenu. Rushwa inaweza kuwepo, sikatai, ila mmeacha kitu kitamu zaidi. Sheha hapigiwi kura na wanashehia, huteuliwa. Anatazamwa kutoka juu, na wakati huo huo anaishi ukuta kwa ukuta na watu anaowaandikia barua za utambulisho. Anaswali nao, anazikana nao. Mize akija kuomba barua, sheha ana watu wa pande mbili wa kuwafikiria kabla hajagusa muhuri, na hilo halihitaji bahasha.

---

BintiMicheweni

Hamjagusa lugha, na ndipo mnapoharibu zaidi.

Nimezipitia sura zenu. Mize na marafiki zake wa mjini wanaongea Kiswahili cha kitabuni, "ninakwenda", "sitaki kwenda". Hamad peke yake ndiye anayeandikwa kama anavyotamka. Matokeo yake mmoja tu ndiye mwenye mdomo, wengine wana maandishi, na mwenye mdomo kati ya wenye maandishi huchekwa hata akisoma dua. Msisahau kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, ndiyo maana mtu wa mjini huonekana kama hana lahaja. Anayo. Anasema "n'takuja", anasema "nnakwenda". Ama mpeni na yeye mdomo wake, ama wote waandikwe sanifu na lahaja ibaki kwenye mpangilio wa maneno, kwenye maamkizi na kwenye namna ya kuitana.

Mimi ningechagua njia ya pili kwa kundi la watu sita, kwa sababu ya kazi tu. Kipemba chenyewe si kimoja. Mtu wa Kojani, wa Micheweni na wa Mkoani wanasikika tofauti, na sisi wenyewe tunajuana hivyo. Waandishi sita wakimwandikia Hamad Kipemba, atatoka sura ya pili na lafudhi ya kaskazini, ya tano ya kusini, na ya nane itakuwa Kitumbatu. Mkishikilia njia ya kwanza, basi chagueni sifa mbili au tatu za matamshi, ziandikwe kwenye kadi pamoja na kijiji, na zisizidi hapo. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametoa kamusi za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, zitazameni kabla ya kubuni neno. Neno la kubuni linalosikika "kishamba" ndilo linalomuudhi mwenyeji kuliko bahili na mganga pamoja.

La utani sasa. Mtu atasema: lakini Waunguja na Wapemba wanataniana kila siku, mbona tuwe wakavu? Taniana. Ila utani una masharti, na la kwanza ni kwamba unajibiwa. Muunguja akimwambia Hamad kwamba shilingi ikiingia mfukoni mwake hulia yatima, Hamad lazima apate zamu yake, na jibu lake liume. Sharti la pili ni kwamba utani una wenyewe, ni baina ya watu wanaojuana. Msimulizi si mtani wa mtu. Neno lile lile "bahili" likitoka kinywani mwa jirani barazani ni mchezo. Likitoka kwa msimulizi, Hamad hana pa kujibia. Basi pitieni sura zote tisa, kila kejeli iliyo kwenye masimulizi ihamishiwe kinywani mwa mtu mwenye jina. Isipopata mtu wa kuisema, ifuteni.

Na kungwi kwenu ni kicheko tu. Bi Mwanakheri ana kazi. Kuna singo ya kumsugua bibi harusi. Kuna hina, kuna udi, kuna siku saba za fungate za kwenda na kurudi, na kuna ujira unaocheleweshwa na upande mmoja kwa kuutegea upande wa pili. Muandikeni siku anayodai ujira wake. Maneno ya chumbani yatakuja yenyewe, na yatakuwa makali zaidi kwa kuwa ana sababu ya kukasirika.

---

MajiMafu

Naongeza la ratiba, maana Maalim kaligusa juu juu na kwangu mimi ndilo linaloua muhuri haraka kuliko yote.

Mama wenu wa mwani yuko pwani kila magharibi. Hawezi. Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku kadhaa kila safari. Pwani ya mashariki siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Yakiingia maji mafu hayatoki vya kutosha kufika kwenye vigingi, na yeye hayupo pwani: anasuka ukindu, anaanika, yupo kwenye harusi, yupo kwa mwanawe mjini. Mkiweka kalenda ya mwezi kando ya hadithi, mtajua siku gani anapatikana na siku gani Mize atakwenda asimkute. Hapo ndipo anapoacha kuwa picha ya ukutani na kuwa mtu mwenye shughuli zake, ambaye mhusika mkuu ndiye anayemsubiri.

Mpeni na tatizo la kweli la kazi hiyo. Kuna mwani wa aina mbili wanaoupanda, spinosamu na kotoni. Kotoni una bei nzuri zaidi lakini hauvumilii maji ya moto, huoza na kukatika kwenye kamba. Mama akiamua kurudia kotoni wakati mwenziwe wa kamba za jirani anamwambia asijaribu, mna wanawake wawili wa mwani, mna ugomvi, na jua likizama si lazima litajwe.

Kwenye karafuu mna kosa la aina nyingine. Sura ya saba mmemleta "tajiri wa Kiarabu" ananunua karafuu kwa wakulima kwa bei ya kuwapunja, na hadithi ni ya miaka hii. Karafuu Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Mnunuzi wa pembeni ni mtu wa magendo, anavusha usiku kwa mashua, na huyo anaweza kuwa na jina lolote na asili yoyote. Mmemchukua mtu kutoka zama nyingine mkamvisha kanzu mpya. Mara nyingi muhuri ni hivyo tu: kazi iliyokwisha kubadilika, mwandishi hakuambiwa.

Na kwa kuwa hadithi nzima ni ya hati ya shamba, msiache hili: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mwenye eka ana haki ya kulitumia shamba, si sawa na kulimiliki. Tena kwetu mtu anaweza kuwa na miti kwenye ardhi isiyo yake. Babu yake Mize alikuwa na nini hasa: shamba la urithi, eka, au mikarafuu tu? Kila mhusika mdogo anaweza kuwa na jibu lake kulingana na alikokuwa amesimama. Hapo hamhitaji mwarabu mbaya wala sheha mbaya, mgogoro umo ndani ya neno "langu".

Mlinzi wa Paje: kwanza apate jina. Halafu zamu yake ni saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, basi Mize akimkuta mchana amelala au yuko kwenye simu na watu wa kwao. Kwa lugha gani? Kimaasai, na hapo anasema sana. Ukimya mliompa ni ukimya wa mtu anayesikilizwa na asiyejua lugha yake. Wako walinzi pwani hiyo waliojifunza Kitaliano kwa wageni kabla Kiswahili chao hakijanyooka. Mtu wa lugha tatu si bubu.

---

KalamuYaNgambo

Ahsanteni sana. Nimefanya hesabu ya Maalim. Hamad: mzizi "pemba" mara 31, jina mara 4. Mlinzi: "Mmasai" mara 14, jina sifuri, hakuwahi kupewa. Kura ya ulezi tumepiga jana, mimi nimepata kungwi na dereva wa boti.

Limebaki la mganga na la sura za zamani. Mganga hatuwezi kumwondoa. Sura ya tisa imeisha Mize ameketi mbele yake, na kuanzia hapo ndipo anapopata fununu ya hati ilipo.

---

FundiWaSahani

Msimwondoe. Mwulizeni tu ni mganga wa nini, maana mmechanganya kazi nne kwa mtu mmoja. Yupo anayeandika kombe, yaani aya za Qur'ani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Yupo anayepiga ramli au kutazama falaki. Yupo wa kupunga pepo, na huyo ana ngoma, ana watu wake, ana gharama kubwa. Na yupo wa mitishamba na kuunga viungo, ambaye pengine hataki kabisa kuitwa mganga. Wengine hushika mbili, lakini wenye kombe wengi hawapendi kuwekwa kapu moja na wa pepo, na wakisikia mmewaweka watawaambia. Macho mekundu hayamo kwenye kazi yoyote kati ya hizo. Moshi labda.

Kwa hadithi yenu ningemchukua wa kombe, kwa sababu ya fununu. Mtu huyu kwa miaka mingi huletewa wagonjwa wa familia zile zile. Anajua nani aliugua lini, nani alimleta, nani aliyelipa. Babu yake Mize alikuwa mgonjwa wake. Fununu basi haitoki hewani, inatoka kwenye kumbukumbu: siku babu alipoletwa alikuwa na mtu fulani, na mtu huyo alishika bahasha. Msomaji hatalazimika kuamini wala kukataa chochote, na mganga anakuwa shahidi mwenye siri za wagonjwa wengine pia. Hapo ana sababu ya kusitasita. Je, ya mgonjwa husemwa? Huo ndio mvutano wa sura ya kumi, tena ni wake mwenyewe.

Mtafutieni msomaji mwenyeji kabla hamjatoa sura. Na akipatikana msimwulize "imekaa vizuri?" Kwa heshima atajibu imekaa vizuri, hongereni. Mpelekeeni aya za mganga pamoja na ukurasa mmoja wa kabla yake, mpeni wiki, na mwulizeni mambo yanayojibika: saa hii mtu huyu angekuwa wapi? Angemwita Mize nani? Kitu gani hapa hakuna mtu angekifanya? Na mumlipe. Ikiwa hamna fedha, mwambieni mapema.

---

MaalimWaZamu

Kuhusu sura tisa. Msizifute, watu wameshazisoma na kuzitumiana.

Zipangeni kwa aina ya kosa. Majina ya asili yaliyorundikana, "yule Mpemba", "Mmasai", sahihisheni kimya kimya, ila kwa mkono. Msiiachie kompyuta ibadilishe yote kwa pamoja, itawaletea "Kihamad" na "WaHamad", na itavuruga pale ambapo mtu wa mtaani ndiye aliyetamka neno hilo kwa haki. Kosa la ukweli, kama mwani wa magharibi na mnunuzi wa karafuu, rekebisheni na muweke mstari mmoja chini ya sura kwamba imerekebishwa na lini. Tabia msiziguse. Hamad alikataa mkopo mara tatu, basi alikataa; sura ya kumi na moja ndiyo itakayofungua daftari. Lakini asije akatoa hotuba ya kujieleza. Mhusika anayesimama kumwambia msomaji "sisi Wapemba si mabahili" amewekwa pale na mwandishi mwenye wasiwasi.

Mlinzi mpeni jina kuanzia sura inayofuata kwa mtu kumwita. Aitwe tu, "Saitoti, geti!", na hadithi iendelee. Msieleze kwa nini zamani hakuwa nalo.

---

KalamuYaNgambo

Kadi ya mganga, nimeiandika sasa hivi:

*Maalim Shaame Khatib, miaka 67. Majirani: Maalim. Anaandika kombe, haangalii ramli.*
*Anataka: mjukuu wake aache kumpigia simu kuhusu kuuza nyumba ya Chake.*
*Kutwa yake: wagonjwa baada ya alasiri. Ijumaa hapokei mtu.*
*Anaita: Mize "binti wa Bakari", kwa jina la babu, hata akirekebishwa.*
*Deni: Hamad wa Kona anamdai 12,000 za maji ya waridi.*
*Anajua: nani alimleta Bakari siku ya mwisho.*
*Hatamki: jina la ugonjwa.*

Kwenye tukio lenyewe anaandika kwa wino wa zafarani juu ya ubao, anauosha, Mize anakunywa. Sawa?

---

FundiWaSahani

Kadi nzuri, khasa hilo la "binti wa Bakari". Ila ubao muuache kwa watoto wa chuoni. Kombe ni sahani nyeupe ya kauri, na ndilo jina lenyewe lilikotoka. Zafarani irowekwe kwa maji ya waridi, iandikwe, ikauke kwanza, ndipo ioshwe kwa maji kidogo na kutiwa kwenye chupa. Mara nyingi mgonjwa huondoka nayo, anywe siku tatu au saba. Na Mize haumwi. Kama haumwi, Maalim hamwandikii. Atamtengea chai.

---

BintiMicheweni

Na hizo 12,000 za Hamad zitajeni sura ya kumi hiyo hiyo. Msisubiri.